Uhamisho wa baba, upweke wa mtoto na upinde wa babu

Lori la mizigo lilipofika Mandewa, mjini Singida, vilishushwa kwanza magodoro, ndoo na majiko. Kilichoshuka mwisho kilikuwa kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitenge kilichochakaa, na mtoto wa miaka 12 hakukubali kibebwe na mtu mwingine. Ndani yake kulikuwa na upinde na mishale sita.

Familia hii ni ya mfano, lakini mama yeyote aliyeolewa na mwanajeshi ataitambua. Baba ni sajini. Mama ni fundi cherehani. Watoto ni wawili: mvulana wa darasa la sita na mdogo wake wa kike wa darasa la pili. Barua ya uhamisho ndiyo iliyowatoa Dar es Salaam, wakapita Morogoro, Dodoma, Manyoni na Ikungi, safari ya takriban kilomita 700. Kwa mvulana huyo ilikuwa mara ya tatu kuhama tangu aanze shule.

Tangu Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilipoundwa Septemba 1, 1964, watoto wa askari wake wamekua wakihama. Mzazi amekula kiapo, hivyo barua ikija anafunga mizigo. Mtoto hakula kiapo chochote, lakini naye anafunga mizigo. Anachoacha nyuma hakiandikwi kwenye barua: rafiki wa dawati moja, uwanja wa mpira, mwenye duka anayemjua kwa jina.

Upinde ule ulitoka kwa babu yake mzaa baba, Msukuma wa Shinyanga. Mzee huyo alikuwa sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi Usukumani na Unyamwezini, wanakijiji walijipanga kulinda mali zao kwa pinde na mishale. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa na makundi hayo yakatambuliwa. Upinde wa mzee ulikuwa wa kazi hiyo. Alipozeeka alichonga mwingine, mdogo zaidi, akampa mjukuu wakati wa likizo na kumfundisha kusimama, kuvuta na kuachia.

"Naomba nirudi kwa shangazi"

Walihamia Aprili. Wiki za kwanza mama hakuona tatizo. Mtoto alikwenda shule, alirudi, alikula, alilala. Majirani walimsifu kwamba ni mpole. Mama alijua kwamba mwanawe hakuwa mpole hivyo.

Mei baridi ilianza. Singida iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake haupumziki. Mtoto aliyekulia joto la pwani akawa anajikunyata ndani na sweta, hachezi na mtu. Upinde ulikuwa chini ya kitanda, bado umo kwenye kitenge.

Kusema kweli, mama hakuusikitikia. Dar es Salaam mshale mmoja ulipotea njia ukatoboa tangi la maji la jirani, na yeye ndiye aliyelipa. Aliona afadhali ubaki chini ya kitanda.

Jioni moja, baba akiwa amesafiri kikazi kwa miezi miwili, mtoto alisimama mlangoni mwa chumba chenye cherehani akasema, "Mama, naomba nirudi kwa shangazi. Nitasoma kule kule."

Shangazi wa Mbagala alipopigiwa simu hakusita. "Mlete tu, wifi. Likizo ya Juni apande basi."

Usiku ule mama alipiga hesabu. Shangazi ni mwema na shule ya zamani ingempokea. Lakini akimwachia mtoto sasa, baba akirudi atakuta kitanda kitupu. Na uhamisho mwingine ukija, yule mdogo naye ataomba kubaki. Familia itagawanyika kidogo kidogo bila mtu yeyote kugombana na mwenzake. Hata hivyo hakuwa na jibu la kumpa mtoto. Akamwambia, "Tusubiri Juni."

Mlinzi wa duka la jumla

Siku chache baadaye walikwenda dukani jioni, mama na mwanawe. Mbele ya duka la jumla mlinzi wa usiku alikuwa ameshaingia kazini: mzee mwenye koti zito, tochi na kiti cha plastiki. Nyuma yake, kwenye ukuta, uliegemezwa upinde mrefu na podo la mishale. Katika miji mingi ya kanda ya kati mlinzi mwenye upinde si jambo la kushangaza, na mama angepita bila kugeuka. Mtoto alisimama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Kamba ya upinde wako ni ya kano au ya nailoni?"

Mzee alimwangalia vizuri. "Nani kakufundisha kuuliza hivyo?"

"Babu yangu. Yuko Shinyanga."

"Basi babu yako ni mtu anayejua. Hii ni nailoni. Ya kano ninayo nyumbani, mvua ikiinyeshea inalegea."

Mazungumzo yaliendelea mpaka mama akaweka mfuko wa sukari chini. Mzee alikuwa Mnyiramba wa upande wa Mkalama. Alisema kila Jumamosi alasiri, kabla ya kuingia lindo, yeye na wenzake watatu hukutana kwenye shamba la mmoja wao na kulenga shabaha kwa kujifurahisha. Mmoja anafuga nyuki, mwingine ni kijana wa bodaboda, wa tatu ni fundi seremala. "Mlete," alimwambia mama, "akija na upinde wake."

Njia nzima ya kurudi mtoto aliongea. Mama alihesabu: tangu Aprili hakuwa amesikia maneno mengi namna ile.

Alichofanya mama kabla ya kusema ndiyo

Mzazi anayesoma hapa huenda ameshashtuka: mtoto, silaha na mwanaume asiyejulikana. Mama huyu naye alishtuka, na hakuona haya kushtuka. Hakukataa, lakini pia hakukubali siku ile.

Kwanza alimpigia baba simu. Baba alicheka kwa furaha, kisha akauliza maswali ya kiaskari: wanalenga upande gani, nyuma ya shabaha kuna nini, nani anatoa amri ya kuachia. Pili alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kuuliza habari za mzee yule. Tatu alimuuliza mwenye duka, ambaye alisema mzee amemlindia mali yake kwa miaka mingi. Nne, na hili ndilo kubwa, Jumamosi alikwenda yeye mwenyewe. Alibeba kazi yake ya kupiga vifungo, akaketi chini ya mti na kuangalia kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Alichokiona kilimtuliza. Mtama ulikuwa umeshavunwa na shamba lilikuwa wazi. Shabaha ilikuwa gunia lililojazwa majani makavu, limeegemezwa kwenye kichuguu kikubwa ambacho kilizuia kila mshale uliokosa. Wote walisimama kwenye mstari mmoja. Hakuna aliyekwenda kuchukua mishale mpaka wote wamemaliza. Mishale ya mazoezi haikuwa na sumu wala chuma cha kuwindia.

Siku ya tatu, jembe

Mtoto alikuja na maringo kidogo, kama mtu aliyefundishwa na sungusungu. Mshale wake wa kwanza ulichukuliwa na upepo wa Singida, ukapita mkono mzima pembeni ya gunia. Wa pili hivyo hivyo. Kijana wa bodaboda alicheka. Mama alifikiri mwanawe atalia, au ataomba waondoke.

Mzee hakumtetea wala hakumsifu. Alimwambia aweke upinde chini. "Jumamosi mbili utaokota mishale na kunyoosha fito. Ukishajua mshale, utajua upepo."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huuchukulia msemo huu kama mzaha wa kumfukuza mgeni. Lakini mtoto aliyehamia mahali mara tatu anajua upande wake wa pili: anayepewa jembe si mgeni tena. Shuleni alikuwa amepewa dawati. Hapa alipewa kazi.

Alifundishwa kuchagua fito la mkole lililonyooka, kulipitisha juu ya moto na kulikunja taratibu mpaka linyooke, kisha kufunga manyoya ya kanga kwenye mkia wa mshale ili usiyumbe hewani. Alirudi nyumbani mikono ina masizi. Wakati wa kula alimweleza mdogo wake, bila kuulizwa, kwa nini upande mmoja wa fito hukauka haraka kuliko mwingine.

Alirudi pia na hadithi. Mzee alimsimulia kuhusu majirani wa ujana wake, Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao wako Mkalama humo humo mkoani Singida. Kwao mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo akiwa na miaka kama mitatu, na kadiri anavyokua hujifunza kutengeneza mishale ya aina mbalimbali: ya mti mtupu kwa ndege na wanyama wadogo, ya chuma na sumu kwa wanyama wakubwa. Mfuga nyuki aliongeza habari za Wasandawe wa Chemba, mkoa jirani wa Dodoma, ambao nao ni mabingwa wa upinde tangu zamani. Katika mkoa huo huo, Kondoa ndiko kuliko michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na katika michoro hiyo wamo watu wenye pinde.

Mtoto aliyekuwa akidhani upinde ni kitu cha babu yake peke yake aligundua kwamba amehamia katikati ya nchi ya pinde.

Na binti je?

Jumamosi ya nne yule mdogo wa kike aliyekuwa akimsindikiza mama aliuliza kama naye anaweza kujaribu. Wazee walitazamana. Walikotoka, upinde ni wa wanaume.

Mama hakutaka ugomvi, lakini hakunyamaza. Alisema tu kwamba uwanja mkubwa wa mpira wa Singida unaitwa Liti, na Liti alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani. Simulizi za wenyeji husema aliwatumia nyuki. Mfuga nyuki ndiye aliyecheka kwanza. Fundi seremala akasema atamtengenezea binti upinde mwepesi.

Kwa kweli wazee hao hawakuwa nyuma sana ya dunia. Mchezo wa kulenga shabaha kwa upinde ulipokosekana kwenye Olimpiki kwa miongo mitano na kurudi Munich mwaka 1972, ulirudi na wanaume na wanawake. Leo wote hulenga kutoka umbali ule ule wa mita 70, kwenye shabaha yenye upana wa sentimita 122. Tofauti ni kwamba wale wana vifaa vya kulengea na vya kutulizia upinde. Upinde wa asili hauna msaada huo. Una jicho, mkono na pumzi ya anayevuta.

Usalama haujadiliwi

Mzazi mwenye mtoto anayependa upinde anahitaji kanuni chache, na zisiwe na msamaha.

Upinde usielekezwe kwa mtu hata kwa mzaha, hata kama hauna mshale. Mtoto alenge pale tu mtu mzima anapokuwepo, na nyuma ya shabaha pawe na kizuizi kama kichuguu au tuta la udongo. Anayechukua mishale asitangulie wakati wengine bado wanavuta. Kamba isivutwe na kuachiwa bila mshale, kwa sababu nguvu yote hurudi kwenye mti na upinde unaweza kupasuka usoni. Upinde wa mtoto uwe mwepesi kiasi kwamba anaweza kuuvuta na kuushikilia kidogo bila mkono kutetemeka. Nyumbani uhifadhiwe bila kamba, na mishale ikae mahali pengine.

Kuhusu sumu ya mishale, jibu ni moja: mtoto asiiguse.

Kuwinda nako si sehemu ya mchezo huu. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwinda bila kibali ni kosa, na upinde wa babu si kibali. Mtoto aelezwe hivyo mapema, kabla hajamwona sungura.

Kabla na baada ya lori

Upinde ni wa familia hii. Kwa familia nyingine ni kwaya, mpira, bao, ngoma, kufuga sungura au kuchora. Wanajeshi si peke yao. Polisi, walimu, wauguzi na wafanyakazi wa benki nao hupewa barua. Yaliyomsaidia mama huyu yanaweza kuwasaidia.

Kabla ya kuondoka, kamilisha uhamisho wa shule mapema kupitia walimu wakuu, ukiwa na namba ya PREM ya mtoto, ili asikae nyumbani wiki nzima akiangalia ukuta. Mwache achague kitu kimoja atakachokibeba mwenyewe, hata kama wewe unakiona takataka.

Mkifika, usiridhike kwamba mtoto ni mpole. Mtoto aliyekuwa msumbufu akawa mpole ghafla baada ya kuhama anaweza kuwa na huzuni. Muulize kitu anachokikosa, si kama "umezoea". Swali la kwanza linaleta jibu. La pili linaleta "ndiyo".

Tembea naye kwa miguu. Aliyemfungulia mtoto huyu njia alikuwa mlinzi ambaye watu humpita kila siku, na mama peke yake asingemwona.

Ukimpata mtu mzima wa kumfundisha mwanao, muulizie kwa viongozi wa mtaa na majirani, kisha nenda ukakae. Siku mbili tatu za kukaa chini ya mti ni bei ndogo. Mtu mwema hachukizwi na mzazi anayekuja kuangalia. Anayechukizwa ameshajibu swali lako.

Na usimkatishe mtoto na alikotoka. Mpigie shangazi na yule rafiki wa dawati. Aliyeruhusiwa kukumbuka hupata nafasi ya kuzoea.

Juni

Shangazi alipiga simu mwishoni mwa Mei kuuliza kama tiketi imeshakatwa. Mama alimpa mtoto simu bila kusema neno, kisha akaendelea na cherehani, ingawa mguu wake haukukanyaga.

"Shangazi, nitakuja Desemba," mtoto alisema. "Juni tunachonga."

Baba alirudi kutoka kazini mwezi huo huo. Jumamosi ya kwanza alikwenda nao shambani akiwa na hamu ya kuonyesha alichofundishwa na baba yake. Mshale wake wa kwanza ulichukuliwa na upepo, ukapita pembeni ya gunia. Kijana wa bodaboda alianza kucheka, akakumbuka anayemcheka ni afande, akanyamaza.

"Baba," alisema mwanawe, "weka chini kwanza. Wageni huokota mishale."

Sajini akaenda kuokota mishale, binti yake mbele, akimwonyesha ilipoangukia.

Barua nyingine itakuja. Labda baada ya miaka miwili, labda mitatu, na mama anajua kwamba siku hiyo kutakuwa na machozi tena, safari hii ya kuiacha Mandewa. Lakini kitenge kile hakiko tena chini ya kitanda. Kimefuliwa na kukunjwa, kinangoja, na sasa kitafunga pinde mbili.